Kupinda, Kubenuka na Kuvimba: Istilahi za Ganda la Kompyuta Mpakato

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza maneno machache ambayo watafsiri, walimu na watumishi wa serikali huyatumia wanapotaka kueleza kwamba ganda la kompyuta mpakato limepoteza umbo lake la asili. Huenda msomaji akaona kwamba jambo lenyewe ni dogo, la mafundi na wauzaji. Hata hivyo, maswali yanayoletwa katika meza ya istilahi yanaonyesha kwamba neno moja, yaani kupinda, limetwishwa mzigo wa maneno manne au matano, na kwamba miongoni mwa maana lilizotwishwa imo moja ambayo ikipotea katika tafsiri inaweza kuleta moto darasani.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa shule moja ya sekondari aliandika katika taarifa yake kwamba kompyuta tatu za maabara "zimepinda upande wa chini". Ofisi iliyoipokea taarifa hiyo ilielewa kwamba wanafunzi wamezikalia au wamezibana, ikamjibu kwamba uharibifu wa namna hiyo haumo katika dhamana ya mtengenezaji, na ikamshauri azilaze mezani na kuziwekea vitabu vizito juu yake ili zinyooke. Kumbe betri zilikuwa zimevimba ndani na kulisukuma ganda kwa nje. Kuibana betri iliyovimba ni kuialika ishike moto. Mwalimu alieleza alichokiona, maana kitako cha kompyuta kilikuwa kimepinda kweli. Na karani naye alilisoma neno kama kamusi inavyolieleza. Kilichokosekana kati yao ni neno linalotaja chanzo pamoja na umbo.

Kabla ya kuvieleza vitenzi, yatupasa tukubaliane juu ya jina la kitu chenyewe. Jina kompyuta mpakato limekwisha kukaa vizuri, nalo liliundwa kwa busara kutokana na kitenzi kupakata, kama mama apakatavyo mtoto mapajani. Ndugu zetu wa Kenya aghalabu husema kipakatalishi, na mzizi ni ule ule. Lakini mwili wa nje wa chombo hicho unaitwa kwa majina mengi. Mafundi wa mijini husema hauzingi au bodi. Wauzaji husema kava, ingawa kwa watu wengi kava ni kile kinachovishwa juu ya simu ili kuikinga. Baadhi ya watafsiri huandika kasha, na wengine, kwa kuwa neno la Kiingereza linabeba maana zote mbili, huandika mkoba. Hili la mwisho si la kuchekwa tu, kwa sababu hati ya zabuni inayotaka kompyuta "zenye mikoba imara" humpa mzabuni haki ya kuleta kompyuta dhaifu pamoja na mabegi mazuri.

Sisi tunapendelea ganda. Kasha hutengenezwa ili vitu vitiwe na kutolewa. Ganda ni sehemu ya kitu chenyewe, kama ganda la yai au la korosho, na likivuliwa kilichomo hubaki uchi. Mkoba na uachwe uwe mkoba, na kava iwe kinga ya ziada. Ndani ya ganda tunaweza kutofautisha kifuniko, ambacho ni mgongo wa skrini. Sahani ya kibodi, ambayo mikono huiegemea. Na kitako, ambacho hukaa juu ya meza.

Sasa tuvitazame vitenzi, tukianza na badiliko ambalo si ubovu. Mtu akiinyanyua kompyuta mpakato kwa kuishika pembe moja, ganda hukubali kidogo, na akiiweka chini hurudi kama lilivyokuwa. Mvuvi anayenyanyua samaki kwa ufito wake hasemi kwamba ufito umepinda, husema unanepa. Kunepa ni kuukubali mzigo na kurudi pale mzigo uondokapo. Neno hili limo katika kamusi lakini limekaa bila kazi katika maandishi ya ufundi, ilhali lingetuokoa na sentensi ndefu za "kupinda kidogo kwa muda".

Sifa inayozuia kunepa tunaiita ukakamavu, kutokana na kukakamaa. Isichanganywe na ugumu, ambao ni uwezo wa kutochubuka, wala na ushupavu, ambao ni uwezo wa kupokea pigo bila kupasuka. Hati nyingi za ununuzi huandika "ngumu" kwa sifa zote tatu, na mnunuzi asijue ameahidiwa ipi. Kioo ni kigumu na kikakamavu, lakini si kishupavu. Plastiki nyingi ni shupavu, lakini si kakamavu.

Ukakamavu hupimwa kwa gigapaskali. Alumini ina kama 70, magnesiamu kama 45, na polikaboneti, plastiki itumiwayo sana katika maganda haya, kama 2.4 tu. (Mwanafunzi wa istilahi ataniuliza kwa nini nimeandika alumini na si aluminiamu, ilhali nimeandika magnesiamu. Jibu ni kwamba alumini limekwisha kuingia nyumbani pamoja na madirisha na sufuria, na neno lililokwisha kuingia nyumbani halirudishwi mlangoni.) Kwa tarakimu hizo plastiki inaonekana haifai kitu. Lakini ukakamavu wa bamba hufuata unene wake uliopandishwa kipeo cha tatu, yaani bamba likizidishwa unene mara 3, ukakamavu wake huzidi mara 27. Basi bamba la polikaboneti lenye unene wa milimita 3 hunepa karibu sawasawa na la alumini lenye milimita 1. Gharama yake ni unene huo wenyewe, pamoja na uzito, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya polikaboneti ina gramu 1.2 na ya alumini gramu 2.7, kwa hiyo bamba la plastiki lililokuwa jepesi kwa asili linakuwa zito kuliko la metali baada ya kuzidishwa unene mara 3. Ndiyo sababu wahandisi hawaongezi unene, bali hulitia ganda mbavu kwa ndani. Waunda majahazi huziita mbavu za namna hiyo mataruma, na sioni kwa nini neno hilo lisihamie kutoka baharini hadi katika kitako cha kompyuta.

Kupinda kwenyewe huanza pale kunepa kunapokwisha. Kila maada ina kikomo chake cha kunepa. Nguvu ikikivuka kikomo hicho, maada ama hupinda na kubaki ilivyopindishwa, ama hupasuka. Alumini hupinda. Kompyuta iliyoanguka kwa pembe huja na kona iliyobonyea, na kona hiyo haitajinyoosha milele. Polikaboneti, kinyume chake, husahau maanguko mengi, hunepa na kurudi, hadi siku moja ufa unapotokea mahali pasipotazamiwa. Wanunuzi wengi, hasa tangu Apple ilipoanza mwezi Oktoba 2008 kutoa kompyuta zake za MacBook Pro zenye mwili uliochongwa kutoka katika pande moja la alumini, wamezoea kuamini kwamba metali ni sawa na kudumu. Ni imani ya nusu. Metali hudumu zaidi katika kuzuia kunepa, na pia hutawanya joto vizuri, kiasi kwamba anayeipakata kompyuta ya alumini hulihisi joto mapajani mapema kuliko mwenye ya plastiki. Lakini kwa shule ambako vyombo huanguka kila juma, plastiki nene yenye mataruma inaweza kuwa chaguo la busara, na hati ya zabuni ingefaa iweze kulisema hilo.

Titaniamu ilijaribiwa katika kompyuta za PowerBook G4 zilizotolewa mwaka 2001. Ilisifiwa kwa wembamba wake, ila bawaba zilikatika na rangi ilibanduka, nayo ikaachwa baada ya miaka michache. Nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa epoksi ni kakamavu mno na nyepesi. Maada hiyo karibu haibonyei wala haipindi. Ikishindwa, hubanduka matabaka.

Magnesiamu yahitaji maneno mawili zaidi kwa sababu ya pwani yetu. Ndiyo metali nyepesi kuliko zote zitumiwazo katika ujenzi wa vyombo, gramu 1.74 kwa sentimita ya ujazo, nayo ilitumika mapema: GRiD Compass ya mwaka 1982, iliyobuniwa umbo na Bill Moggridge, ilikuwa na ganda la magnesiamu iliyosubiwa. Lakini chumvi ni adui yake. Rangi ikichubuka, na hasa karibu na skrubu ya chuma, magnesiamu hulika na kuacha unga mweupe. Watafsiri huandika kwamba "imeshika kutu". Kutu ni ya chuma. Kwa metali nyingine tuseme kulika. Tofauti hii ina faida kwa karani wa stoo wa Tanga au Mombasa, kwa kuwa anayetafuta kutu hutafuta wekundu, na wekundu hautaonekana.

Tumefika katika kubenuka, neno la maseremala. Ubao wa mti mbichi ukianikwa juani upande mmoja hubenuka bila mtu kuugusa, kwa sababu upande mmoja umekauka na kusinyaa kuliko mwingine. Hiyo ndiyo maana tunayopendekeza ihifadhiwe: kupoteza unyoofu kwa sababu ya joto au unyevu, pasipo pigo wala shinikizo la mkono. Pale ambapo pembe nne hazikai tena pamoja juu ya meza, bali moja huinuka kama kiti kibovu, kupopotoka ni sahihi zaidi.

Ganda la plastiki hubenuka kwa sababu ambazo seremala angezielewa mara moja. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu la chuma, na inapopoa husinyaa kwa kadiri ya nusu ya asilimia moja au zaidi kidogo. Sehemu nyembamba hupoa kwanza, na zile nene, kama penye mataruma na matundu ya skrubu, hupoa baadaye. Ya kwanza imekwisha kuganda wakati ya pili bado inasinyaa. Kwa hiyo inavutwa, na mvuto huo hubaki umefungiwa ndani ya ganda kwa muda wote wa maisha yake. Ganda jipya linaonekana limetulia, kumbe limeshikilia pumzi.

Sasa liletewe joto. Polikaboneti hulainika kwenye nyuzi 147 hivi za Selsiasi, na plastiki iitwayo ABS, ambayo mara nyingi huchanganywa nayo, kwenye 105 hivi. Msomaji atauliza: gari lililofungwa juani halifikii nyuzi 100, mbona kompyuta iliyoachwa humo hubenuka? Ni kweli kwamba kiti kinaweza kupita nyuzi 60 na sehemu ya juu ya dashibodi ikapita 70, na kote huko ni chini ya kulainika. Lakini maada hizi hazingoji hadi zilainike. Kadiri joto linavyozikaribia nyuzi hizo, mivuto iliyofungiwa tangu kwenye kalibu hufunguka taratibu, na ganda hutafuta umbo jipya. Chanzo cha pili ni ndoa ya maada mbili. Kipande cha polikaboneti chenye urefu wa milimita 300 kikipashwa nyuzi 40 zaidi hurefuka kwa kama milimita 0.8, cha alumini chenye urefu huo huo hurefuka kwa milimita 0.3 hivi. Vikiwa vimegundishwa pamoja, kimoja humvuta mwenzake, na chote hubenuka. Mtu anayeiweka kompyuta yake juu ya blanketi na kuziba matundu ya feni hufanya jambo hilo hilo kwa kiwango kidogo, kila usiku.

Kuvimba ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo tunapowaomba watafsiri wasiwe na ukarimu wa visawe. Betri za zamani za kompyuta mpakato zilijengwa kwa vimitungi vya chuma, ambavyo havikuonyesha badiliko kwa nje. Kompyuta zilipokuwa nyembamba, vimitungi vilibadilishwa kwa vifuko bapa vya utando wa alumini na plastiki. Ndani yake mna elektroliti. Betri inapozeeka, inapokaa katika joto, au inapoachwa imejaa chaji kwa miezi mingi, elektroliti hiyo huvunjika na kutoa gesi, na kifuko hutuna. Gesi haina pa kwenda, hivyo husukuma kitako chini na sahani ya kibodi juu. Mtumiaji huona kwamba kifuniko hakifungi sawasawa, kibamba cha kuongozea kishale kimeacha kubonyezeka, au kompyuta inayumba juu ya meza kama imewekewa jiwe chini.

Kuna maneno mengine mazuri. Unga huumuka, jipu hututumka, na tumbo hufura. Lakini onyo la usalama halitafuti uzuri. Linataka neno ambalo mlinzi wa usiku na mtoto wa darasa la nne wanalielewa bila kuuliza. Kuvimba kunatosha. Kwa hiyo sentensi "Usiendelee kutumia kompyuta iliyopinda" iandikwe "Usiendelee kutumia kompyuta iliyovimba", na ifuatiwe na amri fupi fupi: izime, ichomoe kwenye umeme, usiibonyeze, usiitoboe, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, mwite fundi. Mwezi Juni 2019 kampuni ya Apple iliwataka wenye kompyuta zake fulani za inchi 15, zilizouzwa hasa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017, wazirudishe zikabadilishwe betri, kwa kuwa betri hizo zingeweza kupata joto kupita kiasi na kuleta hatari ya moto. Matangazo ya namna hiyo huandikwa kwa lugha za wakubwa, kisha hufika kwetu kupitia kalamu ya mtafsiri mmoja aliyepewa nusu siku.

Mwalimu anayetaka kujua ameona nini kati ya hayo anaweza kuzitazama dalili mbili. Kubenuka kwa joto aghalabu hutokea kwenye ukingo, karibu na matundu ya feni au upande uliopigwa na jua, na hakuongezeki chombo kikipoa. Kuvimba hutokea pale palipo na betri, na huongezeka juma kwa juma. Akiwa na shaka, na aandike "imevimba", kwa sababu hasara ya kukosea upande huo ni ndogo.

Limebaki jambo la sarufi ambalo watumishi wa ofisi za ugavi watalipenda. Fomu za dhamana huuliza nani aliyesababisha uharibifu, na Kiswahili kina njia ya kulijibu swali hilo ndani ya kitenzi chenyewe. Imevunjwa ina mtendaji, imevunjika haina. Imepasuliwa na imepasuka hutofautiana vivyo hivyo. Kupinda ndiko kunakotusumbua, kwa sababu imepinda haimtaji mtu lakini msikilizaji humdhania, kwani vitu vingi tunavyoviona vimepinda vilipindwa na mkono wa mtu. Tazama sasa vitenzi vingine viwili. Hakuna asemaye "kompyuta imevimbwa". Na imebenuliwa, ingawa sarufi inairuhusu, hakuna atakayeiandika katika taarifa, maana hakuna akaaye chini kuibenua kompyuta yake. Vitenzi hivyo vinamwondolea mtumiaji lawama bila yeye kujitetea. Lau taarifa ya yule mwalimu ingesema "zimevimba", karani asingeweza kuwatuhumu wanafunzi.

Kwa upande wa mtengenezaji pia haki inatakiwa. Bawaba ikingʼoka kwenye ganda la plastiki, si kila mara ni ubovu wa kiwandani. Vijinati vya shaba vinavyozishika skrubu za bawaba hupachikwa katika plastiki, na mtu anayefungua kifuniko kwa kukivuta pembe moja kila siku huvilegeza hadi plastiki ipasuke. Hapo taarifa iseme "bawaba imengʼoka, plastiki imepasuka", isiishie "imeharibika", neno ambalo ningependa kuliona limepigwa marufuku katika fomu zote za matengenezo.

Badiliko moja bado hatujalipatia neno. Plastiki ikibeba mzigo mdogo kwa muda mrefu, bila pigo na bila joto kubwa, hulegea polepole, na mzigo ukiondolewa hairudi yote. Kompyuta iliyohifadhiwa mwaka mzima juu ya vipande viwili vya ubao, katikati ikiwa haina egemeo, huonyesha jambo hilo. Si kunepa, kwa kuwa hairudi. Si kupinda, kwa kuwa hakuna nguvu iliyovuka kikomo. Si kubenuka, kwa kuwa joto halikuhusika. Kulegea hutumika kwa kamba na skrubu, na kudidimia ni kwa ardhi. Tungefurahi kupata barua kutoka kwa wasomaji walio karibu na maseremala na waunda vyombo vya baharini, watueleze huko kwao rafu iliyobeba vitabu miaka kumi huitwaje inapobaki na tumbo katikati baada ya vitabu kuondolewa.